Baiskeli kuukuu ya milimani: anza na pasipoonekana

Fremu ya chuma cha kromu na molibdeni iliyotoka kiwandani mwaka 1990 haijazeeka. Kilichozeeka ni grisi iliyomo ndani, matairi, waya za breki na pengine mnyororo. Ndiyo maana baiskeli ya milimani ya zama zile, hata ikiwa imelala stoo miaka mingi ikavaa kutu na utando wa buibui, kwa mtu anayetaka chombo cha kumpeleka kazini na sokoni kila siku ni mali ghafi bora kuliko baiskeli nyingi mpya za bei ya chini. Ina nafasi ya kuingiza matairi manene. Ina gia nyepesi za kupandia mlima ukiwa na mzigo. Mara nyingi ina pia matundu ya bolti za milimita 5 karibu na ekseli, ambamo madigadi na keria hufungwa bila kubuni lolote.

Jambo la kushika mapema ni kwamba macho hudanganya. Kutu ya juujuu kwenye usukani inatisha lakini haina madhara, na huondoka kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Rimu iliyolika, kwa upande mwingine, hung'aa vizuri kabisa mpaka siku inapopasuka. Anayeanza kazi kwa kupaka rangi ameanzia mwisho. Muda na fedha viende kwanza kwenye gololi, rimu, breki na waya, urembo utasubiri.

Kabla hujafungua hata bolti moja

Osha baiskeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uikaushe, kisha uikague fremu mahali penye mwanga. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba la juu na bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo ya fremu, yaani lile bomba fupi la mbele ambamo usukani huzungukia. Ukihisi uvimbe au mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa mistari inayokata bomba, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele na fremu imejikunja. Iache. Halafu angalia chini ya kasha la kranki (bomba fupi la chini ambamo hupita ekseli ya mikono ya pedali) na kwenye mabomba mawili yanayotoka hapo kwenda gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndipo maji yanapotuama. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa kwa ndani hutoa mlio mfu, na pengine bisibisi itatoboa.

Kujua kama nyuma ya fremu imenyooka, ondoa gurudumu, funga uzi kwenye kucha moja la ekseli, yaani mwanya wa fremu unaoishika, uuzungushe mbele ya shingo na kuurudisha hadi kucha la pili. Pima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja au mbili ni ya kawaida. Ikizidi nne, fremu imepinda. Ya chuma fundi anaweza kuinyoosha. Ya aluminiamu usimruhusu mtu aiguse, kwa sababu ikishapinda na kurudishwa huwa na ufa unaongoja.

Vitu viwili huamua kama kazi itakuwa ya mwisho wa wiki moja au ya mwezi mzima: nguzo ya kiti na stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na uma wa gurudumu la mbele. Vijaribu kabla ya kununua chochote. Nguzo ya aluminiamu ndani ya bomba la chuma, pasipo grisi na penye unyevu, huanzisha ulikaji baina ya metali mbili. Unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hivyo hukaza kama simenti. Legeza bolti ya kiti, mwaga mafuta ya kupenya kwenye mwanya, geuza fremu juu chini na uyamwage pia kupitia kasha la kranki, kisha uache usiku kucha. Kesho yake bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu nzima kwa mikono miwili. Fremu yenyewe inakuwa mtaimbo mrefu. Wengi hukimbilia moto, na hapo hukosea, kwani aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha vyote viwili, nguzo ndiyo inayokaza zaidi. Baridi husaidia kuliko joto: jaza barafu ndani ya nguzo, subiri, zungusha. Kostiki soda huyeyusha aluminiamu bila kugusa chuma, lakini inaunguza ngozi na macho na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na kwenye fremu ya aluminiamu itakula fremu pia. Ni njia ya fundi mwenye vifaa vya kujikinga, tena nje, kwenye hewa.

Stemu ya kizamani, ile inayozama ndani ya shingo, hushikwa na kabari iliyoko chini. Kulegeza bolti peke yake hakutoshi. Ifungue mizunguko minne au mitano kwa spana ya aleni ya milimita 6, weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha bolti iliyochomoza, na ugonge pigo moja thabiti la nyundo. Utaisikia kabari ikidondoka. Baada ya hapo bana gurudumu la mbele katikati ya magoti na uzungushe usukani kulia na kushoto huku ukivuta juu. Unapoirudisha paka grisi urefu wote unaoingia ndani, na usiipandishe kupita mstari wa alama ya mwisho. Mstari huo upo kwa sababu juu yake kabari hukandamiza sehemu ya uma yenye nyuzi, ambayo ndiyo nyembamba.

Kama baiskeli ina uma wa springi wa miaka ya 1990, uwe na mashaka nao. Wengi wao hawakuwa na springi za chuma bali vipande vya mpira laini, na mpira huo kwa umri huo umekuwa ama mgumu kama kwato ama uji unaonata. Vipande vipya ni vigumu kupata na havina maana kwa barabara ya kila siku. Weka uma mgumu wa chuma. Linganisha vitu vinne: kipenyo cha bomba la usukani, urefu wake, aina ya shingo, yaani yenye nyuzi au isiyo na nyuzi, na kimo kutoka ekseli hadi mahali uma unapoanza chini ya shingo. Kimo kikipungua milimita 20, pembe ya shingo husimama zaidi kwa takribani digrii moja na usukani huwa mwepesi kugeuka. Kiasi hicho hakina tatizo. Tofauti ya milimita 50 utaihisi kwenye kila kona.

Gololi

Hapa ndipo baiskeli inapofufuka kweli. Kuna sehemu nne zenye gololi: habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele, habu ya nyuma, kranki na shingo. Zote zina matatizo yaleyale: grisi iliyokauka ikawa nta ya kahawia, maji yaliyoingia, na vumbi lililogeuka msasa.

Anza na habu ya mbele, ambayo ni rahisi na itakufundisha zilizobaki. Utahitaji spana mbili nyembamba za koni, yaani zile nati za ekseli zinazobana gololi, mara nyingi ya milimita 13 kwa mbele na ya 15 kwa nyuma, pamoja na spana ya kawaida ya 17 kwa nati ya kufungia ya nyuma. Fungua upande mmoja tu wa ekseli, kisha uichomoe kwa upande wa pili juu ya kitambaa cheupe, maana gololi zitaanguka. Mbele huwa gololi 10 za inchi 3/16 kila upande. Nyuma huwa 9 za inchi 1/4. Hesabu zilizotoka hata kama unaijua idadi, kwani aliyeifungua kabla yako huenda aliacha moja.

Futa kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha shika koni karibu na dirisha na uizungushe taratibu. Mahali gololi zilipopita pataonekana mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka koni. Mstari laini wenye upana uleule ni dalili njema. Ukiona vidoa vidogo kana kwamba mtu amedonoa kwa ncha ya sindano, ngozi ngumu ya chuma imeanza kumeguka na koni hiyo haina dawa, badilisha. Angalia vilevile kikombe kilichomo ndani ya habu. Kikiwa na vidoa hivyo, habu yenyewe imekwisha, maana kikombe kwa kawaida hakitoki. Gololi badilisha zote bila kujadili. Ni rahisi sana, na ukichanganya mpya na za zamani zile kubwa kidogo ndizo zitakazobeba mzigo wote.

Jaza kikombe grisi nyingi, panga gololi, rudisha ekseli. Sasa ukazaji, ambao huwashinda wengi. Koni ikikazwa mno, gololi husaga, ikilegea, zinagongana. Gurudumu lenye ekseli ya nati likazwe mpaka mchezo, yaani kuchezacheza kwa ekseli, uishe kabisa huku ekseli ikizunguka laini kwa vidole. Lenye ekseli tundu na wenzo wa kufungia haraka huachwa na mchezo mdogo sana, kwa sababu ukifunga wenzo ekseli hubanwa ikafupika kidogo, na mchezo hutoweka. Ukiondoa mchezo wote ukiwa mezani, utakuwa umekaza kupita kiasi utakapofunga gurudumu kwenye baiskeli. Rudia mara tano au sita bila kukata tamaa, mikono hujifunza.

Kranki za zama zile hukaa kwenye ekseli yenye ncha ya mraba. Toa bolti au nati, na kabla hujaingiza kivuta kranki, chungulia ndani uhakikishe washa imetoka nayo. Washa ikibaki, kivuta husukuma washa badala ya ekseli, na nyuzi za aluminiamu za kranki hung'oka zote. Ndilo kosa linaloua kranki nyingi kuliko ajali. Zungusha kivuta mpaka mwisho wa nyuzi kwa mkono, kisha ndipo ukaze kwa spana.

Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na kikombe cha kulia cha kasha la kranki, upande wa mnyororo, pia huwa na nyuzi za kinyume katika fremu nyingi za milimani. Kwa pedali kumbuka hivi: zote mbili hufunguka ukizungusha spana kuelekea nyuma ya baiskeli inapokuwa upande wa juu. Ndani ya kasha utakuta ama gololi wazi, 11 za inchi 1/4 kila upande, ama kopo lililofungwa. Gololi wazi husafishwa kama za habu. Kopo likikwaruza hubadilishwa zima, na unaponunua jingine pima upana wa kasha, milimita 68 au 73, na urefu wa ekseli ya zamani, kwa mfano 113 au 122.5. Ekseli fupi mno itafanya gia ndogo ya kranki ikwaruze fremu. Ndefu mno itapindisha mstari wa mnyororo. Paka grisi nyuzi zote, na wakati wa kurudisha kranki kaza bolti kwa niutonimita 35 hadi 40. Ukiendesha kranki iliyolegea, chuma kigumu cha ekseli hulipanua tundu la aluminiamu, na kranki hiyo haitakaza tena milele.

Shingo jaribu hivi: inua gurudumu la mbele na geuza usukani polepole. Ukihisi unanasa kidogo kila unapopita katikati, gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake. Kama vishimo ni vidogo kuna njia nzuri ya kuongeza maisha: toa zile gololi zilizo kwenye kizimba chake cha bati, weka gololi huru za ukubwa uleule zikijaza duara lote ukiacha nafasi isiyotosha gololi moja. Zitakaa nje ya vishimo vya zamani na usukani utalainika.

Rimu, breki na mambo ya usalama

Rimu ya breki za kubana ni sehemu ya breki yenyewe, nayo hulika. Simamisha rula kwenye ukuta wa rimu. Ukuta mzima hugusana na rula sawasawa. Uliolika huacha bonde katikati. Bonde likifika nusu milimita kila upande, au ukuta wenyewe ukipungua chini ya milimita moja, tupa rimu. Hewa ya tairi husukuma kuta hizo kwa nje muda wote, na siku ukuta utakaposhindwa utafunguka kama kopo, pengine katikati ya mteremko. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu haipasuki namna hiyo, ila ikilowa haishiki breki kabisa. Badilisha ya aluminiamu.

Siku moja kabla ya kunyoosha gurudumu, dondoshea mafuta kwenye kila nati ya spoki. Rimu ikiyumba kwenda kushoto, kaza spoki za kulia za eneo hilo na ulegeze za kushoto, robo mzunguko kwa wakati. Asiye mzoefu hukaza tu bila kulegeza, na rimu huishia kuwa na umbo la yai. Kuyumba kwa milimita moja hakumdhuru mtu.

Kwa breki, kwanza tambua unazo zipi. Za kizamani zaidi ni kantileva, zile zenye waya mfupi unaopita juu ya tairi na kuvutwa katikati. Mwaka 1996 Shimano walileta breki zenye mikono mirefu iliyosimama wima na waya unaopita kwa ubavu, ambazo mafundi huziita V-breki. Aina zote mbili hukaa kwenye vishikizo vilevile vya fremu, kwa hiyo kubadilisha kantileva kuwa V-breki kunawezekana na mara nyingi ni uamuzi mzuri, kwa sharti kwamba ubadilishe na mikono ya breki iliyo kwenye usukani, ile unayoibana kwa vidole. V-breki huhitaji waya uvutwe mrefu zaidi. Ukiifunga kwa mkono wa kantileva, mkono utafika kwenye usukani kabla breki haijashika. Ukifanya kinyume, mkono wa V-breki kwa kantileva, utahisi ugumu mzuri kiganjani lakini baiskeli haitasimama, na hilo ni la hatari zaidi kwa sababu ukiwa umesimama unadhani ziko sawa. Fremu chache za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina breki ya nyuma iliyofichwa chini, nyuma ya kranki. Vishikizo vyake viko mahali tofauti na havipokei kantileva wala V-breki.

Ukibaki na kantileva za mbele, weka kipande cha bati chenye kulabu juu ya tairi, mahali pa kufungia kiakisi mwanga. Waya mkuu ukikatika, ule mfupi huangukia tairi, ukashikwa na meno ya tairi na kulifunga gurudumu la mbele ghafla. Bati hilo huudaka.

Raba za breki zilizokaa miaka mingi huwa ngumu na zenye kung'aa. Usizisugue kwa msasa ukitarajia muujiza; nunua mpya, kwani hakuna fedha kidogo itakayobadilisha baiskeli hii kuliko hiyo. Zipange ziguse katikati ya ukuta wa rimu. Ikigusa tairi italikata ubavu. Ikikaa chini mno itazama kwenye spoki kadiri inavyolika. Ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa kwa milimita moja kuliko ya nyuma, vinginevyo zitalia.

Waya na ala zake, yaani mirija inayozifunika, badilisha zote, hata zile zinazoonekana nzuri. Waya wa breki una kichwa kikubwa na unene wa milimita 1.5 au 1.6, wa gia ni 1.1 au 1.2. Ala ya breki imeviringishwa kwa springi, na ala ya gia ina nyaya zilizolazwa kwa urefu. Kamwe usitumie ala ya gia kwa breki. Ukibana kwa nguvu, nyaya zile zitatawanyika na kupasua plastiki, nawe utabaki bila breki wakati hasa unapoihitaji. Ala ukishaikata, nyoosha tundu lake kwa msumari na usawazishe ncha kwa tupa. Ncha iliyobonyea ndiyo chanzo cha breki nyingi zinazohisi kama sponji.

Mnyororo na gia

Pima mnyororo kabla ya kuusafisha, huenda hauna haja ya kusafishwa. Kila kiungo, kutoka pini hadi pini ya pili yake, ni inchi moja kamili, hivyo viungo 12 ni milimita 304.8. Ukisoma 306.5 hivi, badilisha mnyororo. Ukifika 308, sproketi za nyuma, yaani magurudumu ya meno ya gurudumu la nyuma, nazo zimelika kwa kipimo cha mnyororo huo, na mnyororo mpya utaruka juu yake utakapokanyaga kwa nguvu. Kwa gia 6, 7 au 8 za nyuma, mnyororo ni wa aina moja. Urefu wake: uzungushe kwenye gia kubwa ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye derela, yaani kile chombo kinachouhamisha kutoka sproketi hadi sproketi, kisha ongeza inchi moja. Mfupi kuliko hapo utaing'oa derela siku utakapoziunganisha kubwa mbili.

Simama nyuma ya baiskeli na utazame derela. Fremu yake ndogo yenye magurudumu mawili ya meno lazima iwe sambamba na sproketi. Ikiwa imelalia ndani, sikio la fremu linaloishikilia limepinda kwa sababu baiskeli iliwahi kuangukia kulia, na hutaipata gia hata ukizungusha skrubu mpaka kesho. Sikio la chuma hunyooshwa. Baada ya hapo, bila waya, weka mnyororo kwenye sproketi ndogo na urekebishe skrubu yenye herufi H mpaka gurudumu la juu la derela likae wima chini ya sproketi hiyo. Sukuma derela kwa mkono hadi sproketi kubwa na ufanye vilevile kwa skrubu ya L. Hii ndiyo inayozuia mnyororo kuanguka kwenye spoki, kwa hiyo ipe umakini. Funga waya mwishoni.

Vibadili gia vya vidole, vile vya kubofya chini ya usukani, mara nyingi hudhaniwa vimekufa: unabofya, hakuna kinachokamata. Ndani yake kuna vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi dhaifu, na grisi ya kiwandani ikikauka huvigandisha. Fungua kifuniko, puliza mafuta mepesi ya kuyeyusha grisi kwa wingi, bofya mara 50, puliza tena, rudia hadi kimiminika kinachotoka kiwe safi. Halafu dondosha mafuta kidogo ya cherehani. Usiweke grisi nzito. Visipofufuka, tafuta vibadili vya juu ya usukani vinavyosogea bila mibofyo. Hufanya kazi na derela yoyote na havidai marekebisho.

Gia tatu za mbele ni nyingi mno kwa safari za kila siku. Unaweza kuondoa derela ya mbele na waya wake, ukabaki na gia moja ya meno 36 au 38, huku nyuma ukiwa na sproketi za 13 hadi 30. Mizigo ikiwa mizito na milima mirefu, acha zote tatu.

Matairi, mkao na mizigo

Tairi la baiskeli hizi huandikwa inchi 26, lakini kipimo cha kweli ni tarakimu ya 559 ubavuni, mfano 47-559. Kuna tairi jingine linaloandikwa 26 x 1 3/8 ambalo kipenyo chake ni 590. Litapwaya, halitakaa kwenye rimu hii. Chagua upana wa milimita 40 hadi 50 na uso laini. Meno makubwa kwenye lami hula nguvu zako, hupiga kelele na hupunguza mshiko kwenye kona, maana kinachogusa barabara ni vipande vichache. Wala usiogope mvua: kwa mwendo wa baiskeli, tairi laini haliogelei juu ya maji. Kwa mtu wa kilo 80 na tairi la milimita 47, anza na bari 2.8 nyuma na 2.4 mbele, kisha urekebishe. Kabla ya kulifunga, kagua utepe wa ndani ya rimu. Pancha inayotokea upande wa ndani wa tyubu, mahali palepale kila mara, hutoka kwenye tundu la spoki lililofunuka.

Baiskeli hizi zilibuniwa kwa mashindano, kwa hiyo stemu yake ni ndefu na ya chini, nayo humlaza mpandaji mbele. Usukani uliopinda kurudi nyuma, au stemu fupi yenye kimo, hubadilisha kila kitu. Pima kipenyo cha mahali usukani unaposhikwa. Kwa zama zile ni milimita 25.4 mara nyingi, na ncha zake ni 22.2. Usukani ukipanda sana utahitaji waya na ala ndefu zaidi, basi amua mkao kabla ya kukata ala.

Madigadi ya upana wa milimita 60 yanatosha tairi la 47. Acha nafasi ya angalau milimita 10 kati yake na tairi, la sivyo kijiti kimoja kitakwama na kuyakunja yaingie kwenye gurudumu.

Rangi, kama bado unaitaka, iwe ya kuziba majeraha tu. Sugua doa la kutu kwa msasa wa 120 hadi chuma kionekane cheupe, malizia kwa 400, paka rangi ya awali ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu. Ndani ya mabomba pulizia mafuta ya kinga kupitia bomba la kiti, ugeuze fremu huku na huku yaenee, na uhakikishe tundu dogo chini ya kasha la kranki liko wazi ili maji yatoke.

Baada ya kilomita 50 za mwanzo irudishe kwenye stendi. Ala mpya zitakuwa zimejikandamiza na waya kulegea, kwa hiyo vuta waya za breki na gia upya. Kaza bolti za kranki kwa kipimo kilekile, zikague spoki kwa kuzibana mbilimbili kwa vidole, na ujaribu mchezo wa shingo kwa kushika breki ya mbele huku ukiisukuma baiskeli mbele na nyuma. Koni za habu pia hutulia katika siku hizo; ukisikia mchezo ukiyumbisha rimu kwa mkono, kaza kidogo tu, chini ya moja ya nane ya mzunguko, na ufunge nati tena.